Sura ya 4: Samaki Bado Yuko Mwaloni

Mgeni akifika kwetu Makoko, pembeni ya mji wa Musoma, Ijumaa jioni, akishaoga na kunywa chai, swali lake ni lilelile: "Sasa huku kwenu wikendi watu mnaenda wapi?" Huliuliza akichungulia dirishani. Anachokiona ni njia ya vumbi, mbuzi wawili, kijana wa bodaboda aliyejilaza juu ya pikipiki yake na, nyuma ya miti, Ziwa Victoria.

Nimeulizwa hivyo na shemeji zangu wa Dar es Salaam, na wafanyakazi wenzangu waliohamishiwa hapa kutoka Mwanza, hata na watoto wangu mwenyewe wakirudi likizo. Zamani nilikuwa najibu kwa kutaja majina ya mahali, halafu tunakwenda na mgeni ananuna. Si kwamba mahali ni pabaya. Ni kwamba amekaa saa nzima na meza bado tupu. Anatazama jikoni, anatazama simu, ananitazama mimi. Moyoni anasema: hawa hawajui biashara.

Wanaijua, tena vizuri sana. Sura hii inaeleza jinsi mtoko wa wikendi unavyokwenda katika mitaa ya pembeni ya Musoma, na katika miji miwili jirani, Bunda na Butiama. Naanza na siku zenyewe, maana hata wikendi ya mkoa wetu wa Mara haianzi na kwisha kama ya kwingine.

Wikendi yenye milango mitatu

Neno "wikendi" tumelipokea, lakini majina ya siku zetu yanahesabu kwa namna nyingine. Kwa Kiswahili juma huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, hadi Jumatano. Ikifuata Alhamisi, jina linarudia tano ileile kwa Kiarabu, kwa hiyo tuna siku mbili za tano na hakuna aliyewahi kulalamika. Maana yake ni kwamba siku mbili tunazoziita mwisho wa wiki, kwa majina yake ni mwanzo.

Mara ina sababu nyingine ya kuzihesabu siku kwa makini. Huu ni mkoa wenye Wasabato wengi, yaani Waadventista, Wakristo wanaoiadhimisha Jumamosi kuwa siku ya saba ya mapumziko. Busegwe na Ikizu ni majina anayoyajua Msabato yeyote wa Kanda ya Ziwa. Sabato huanza Ijumaa jua likizama na huisha Jumamosi jua likizama, na katikati yake Msabato hauzi, hanunui wala hapiki chakula cha biashara. Jumapili ni ya Wakatoliki, Wamennonite, waumini wa kanisa la AIC na wengine. Ijumaa mchana ni ya Waislamu.

Kwa mtu anayetaka kutoka kwenda kula, hilo lina uzito. Duka la kona ambalo mgeni alilizoea Alhamisi atalikuta limefungwa Jumamosi asubuhi. Mgahawa mmoja utakuwa kimya mchana kutwa, kisha saa moja usiku taa zinawaka na sufuria zinaanza kulia. Mwingine unafungwa Jumapili hadi misa ya pili iishe. Ukiwa na marafiki wa dini tatu, na hapa karibu kila mtu anao, saa ya kukutana inayowafaa wote ni moja tu: Jumamosi baada ya jua kuzama. Ndiyo maana Jumamosi jioni huku kwetu huchangamka kuliko Ijumaa usiku, tofauti na Dar es Salaam.

Na jua lenyewe halina haraka. Musoma iko magharibi zaidi ya Dar es Salaam, lakini saa tunayotumia ni moja, kwa hiyo jua letu huzama kama dakika 20 nyuma ya lao, karibu na saa moja kasoro robo. Mgeni wa pwani hudhani jioni imerefushwa kwa ajili yake.

Kwa nini chakula kinachelewa

Turudi kwenye meza tupu.

Mjini kati, mitaa ya Mukendo au karibu na soko, mama anayepika anajua kwamba kuanzia saa sita watapita watu wa ofisini, wa maduka, wa mahakamani, wa hospitali. Anaweza kupika sufuria nzima ya wali na nusu ya maharage kabla hajamwona mteja hata mmoja, kwa kuwa wateja watakuja tu. Ukifika, anachota. Dakika tatu.

Sasa mpeleke mama huyohuyo Makoko, Buhare au Rwamlimi. Jumamosi anaweza kupata watu wanne au arobaini, hajui. Tuseme ananunua sato kumi asubuhi na wanaliwa sita. Wale wanne waliobaki ni faida yake yote imelala kwenye beseni. Friji anaweza kuwa nayo, lakini umeme ukikatika usiku, kesho anauza samaki aliyelegea, na mji mdogo hausahau. Kwa hiyo anafanya jambo la busara: hanunui samaki mpaka wewe umekaa. Unaagiza, anapiga simu mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, na kijana wa bodaboda anatumwa. Hasara ya kubahatisha, ambayo ingekuwa yake, anaigeuza kuwa muda, na muda huo unautoa wewe.

Nimekaa jikoni na mmoja wa mama hawa nikafuatilia hatua kwa hatua, kwa sababu na mimi nilitaka kujua saa inakwenda wapi. Samaki alifika kwenye mfuko akiwa bado ana utelezi wa ziwa. Alimshika mkiani, akamparua magamba kwa kisu butu kuelekea kichwani, magamba yakirukia hadi ukutani. Akampasua tumbo, akamtoa matumbo na yale mashavu mekundu ya ndani, akamwosha maji mawili. Kisha akamchanja mistari mitatu kila ubavu, akampaka chumvi na ndimu hadi ndani ya machanjo, na akamwacha. Hapo ndipo mgeni huanza kununa, maana anaona mpishi amekaa na samaki amelala. Lakini samaki aliyetoka kwenye maji lazima akauke. Ukimtumbukiza na maji yake, mafuta yanaruka, ngozi inagandia karai, na anatoka vipandevipande. Wakati huo mkaa ulikuwa unashika. Mkaa mbichi huchukua muda wake, na mama yule hakuupulizia kwa pupa. Alipepea kidogo, akageukia kachumbari, akarudi. Mafuta yalipotulia na kuacha kutoa povu ndipo samaki alipoingia, mzima, kichwa na mkia vikining'inia nje ya karai. Tangu simu ya mwaloni hadi sahani ilikuwa saa moja na robo.

Sijawahi kumla samaki kama yule Dar es Salaam. Na sijui njia ya kumpata bila ile saa moja na robo.

Ndiyo sababu nasema kwamba huku pembeni mtu haendi mahali kula. Anakwenda kukaa na watu wake, na chakula kinamkuta hapo. Watu wa mtaa wanalijua hilo hata kama hawajawahi kulisema. Tazama wanavyokuja: mzee na redio yake, vijana na karata, mama na mtoto wa kusuka nywele. Hakuna anayekuja mikono mitupu, kwa kuwa kila mmoja anajua kuna saa ya kujaza. Mipango ya harusi huku kwetu, michango ya msiba na upatanisho wa mume na mke waliogombana vyote hupitia katika saa hiyo. Chakula kingekuwa tayari, watu wangekula, wangelipa na kuondoka, na mambo hayo yangebaki bila mahali pa kusemewa.

Lakini kama una watoto wadogo wenye njaa, kuna njia za kuipunguza hiyo saa:

- Piga simu asubuhi, kabla ya saa nne, useme mtakuwa wangapi na mnataka samaki wa ukubwa gani.
- Tuma advansi kwa simu. Mama wa jiko akishapokea, hatakuwa na wasiwasi kwamba ananunua samaki wa mtu atakayeghairi.
- Ukifika, agiza kwanza kitu kilichopo: ndizi za kuchoma, mihogo ya kukaanga, hata karanga. Mtoto hajui mambo ya mkaa.
- Usiagize vitu vitano tofauti. Jiko ni moja. Mkikubaliana wote samaki, mtakula pamoja. Mmoja akitaka kuku wa kienyeji, atakula wakati nyinyi mnanawa.

Sato, sangara, na swali la magamba

Bei ya samaki hapa haisemwi kwa kilo mezani. Inasemwa kwa samaki mwenyewe: "sato wa elfu kumi", "sato wa elfu nane". Ni bei na kipimo kwa wakati mmoja, na hubadilika kwa jinsi ziwa lilivyotoa wiki hiyo. Omba uonyeshwe kabla hajapakwa chumvi. Hakuna anayekasirika; wanaona unajali.

Sato ndiye mfalme wa meza. Sangara ni mkubwa, nyama yake ina mafuta na miiba michache, anafaa kwa watoto na kwa mchuzi. Wageni wengi hawajui kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na wengi kati ya sato tunaowala leo ni wa aina iliyoletwa miaka hiyohiyo. Furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao wazee wanasema walikuwa wamejaa kila mwambao, walipungua sana sangara alipoongezeka. Mzee wa Kijita akikwambia samaki wa siku hizi hawana ladha ya zamani, msikilize. Anazungumzia samaki wengine kabisa.

Ukitaka kuijua ladha ya samaki bila kusaidiwa na mafuta, agiza chukuchuku: samaki wa kuchemshwa kwa chumvi, na labda nyanya na kitunguu kidogo, basi. Mchuzi wake hunywewa kikombeni. Pembeni yake waambie walete ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa kisha ukaanikwa. Una rangi ya kijivu na uchachu wa mbali, na huvutika mkononi. Mtu aliyezoea sembe atasita kwa tonge mbili za kwanza. Ya tatu hatasita.

Sasa magamba. Wasabato hufuata katazo la Biblia la kula samaki asiye na mapezi na magamba, kama walivyoacha nguruwe. Sato, sangara na dagaa wanaruhusiwa. Kambale haruhusiwi. Kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayeweza kupumua hewa, naye hukataliwa, ingawa kwa wengine kamongo wa kubanikwa ni kitoweo cha kumheshimu mgeni. Kwa hiyo mwenyeji mwema akialika watu hapa Musoma haanzi kwa kuuliza mnakunywa nini. Anazungusha macho mezani, anahesabu Wasabato na Waislamu, kisha anaagiza sato. Sijaona mlo uliowahi kuharibika kwa sababu ya sato.

Kuhusu dagaa kuna jambo linaloamua hata sauti ya wikendi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Samaki hufuata mwanga, wavu unawazunguka. Usiku usio na mwezi, simama ufukweni utaona mstari wa taa hadi upeo wa macho, utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Lakini mbalamwezi ikiwa kamili, mwanga umeenea ziwa zima na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa. Wanarudi nyumbani na fedha za mgawo mfukoni. Ukitaka Jumamosi tulivu, tazama angani kwanza. Mwezi ukiwa mpevu, meza zitajaa mapema na muziki utakuwa juu.

> Kwa ufupi hadi hapa: Jumamosi jioni ndiyo saa inayowafaa wengi. Chakula kinachelewa kwa sababu kinanunuliwa kwa ajili yako. Sato humfaa kila mtu. Na mwezi mpevu huleta watu.

Saa ya ziwa

Mahali penye mandhari maarufu zaidi Musoma ni Matvilla, kwenye ncha ya rasi ambako mji umejichomeka ziwani. Mawe makubwa yamepangana kana kwamba kuna aliyeyaweka, na jua huzama majini mbele ya macho. Mpeleke mgeni pale mara moja, apige picha zake. Lakini ziwa liko kila upande, na mwambao wa Makoko hauna umati.

Nenda saa kumi jioni. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Huo ndio upepo unaopiga usoni mchana na jioni. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, upepo unatoka bara kwenda ziwani, na mawingu hukusanyika katikati ya maji. Ndiyo sababu radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri mbali huko, na sisi tunaziona kama taa zinazowaka na kuzimika bila sauti. Vipindi vya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, beba mwavuli hata kama asubuhi kulikuwa kweupe.

Kuhusu kuogelea nitasema wazi, kwa kuwa nimeona watoto wa ndugu zangu wakiugua. Maji ya pembezoni, hasa penye majani na maji yaliyotulia, yana kichocho. Huo ni ugonjwa wa vijidudu vinavyoishi kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi kitu. Dalili kama damu kwenye choo au mkojo na maumivu ya tumbo zinaweza kuja miezi mingi baadaye. Dawa ipo na inafanya kazi. Mtoto akichezea maji haya mara kwa mara, apelekwe kupimwa, asisubiri kuumwa. Na wenyeji wakikwambia pahala fulani pana mamba au kiboko, usiulize mara ya pili.

Kuna mtoko mwingine wa ziwani ambao watu wa Musoma wenyewe wanausahau. Shuka Mwigobero, panda chombo uvuke Ghuba ya Mara hadi Kinesi, upande wa Rorya, kisha rudi. Kwa wanaovuka kila siku ni usafiri tu, wamebeba vitanda na magunia. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuuona mji wake akiwa majini hukaa kimya njia nzima. Kwa barabara, kufika ng'ambo hiyo kunakutaka uzunguke hadi Daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara. Vaa boya la kujiokolea hata kama wengine hawajavaa.

Butiama: mahali ambako chakula hukisubiri, unakibeba

Butiama iko kilomita 40 na ushee kutoka Musoma. Unatoka mjini hadi Makutano, unaifuata njia ya Butiama, na hewa inabadilika kidogo kadiri unavyopanda.

Kabla ya kwenda, napenda kupitia Mwisenge, palepale Musoma, kuwaonyesha watoto shule ya msingi. Mwaka 1934 Kambarage Nyerere, mwenye miaka kama 12, aliondoka Butiama kuja kuanza darasa la kwanza hapo, mwendo wa maili 26 kwa miguu, na akakaa bweni. Miaka 3 baadaye akaenda Tabora. Mtoto wangu wa pili alipoisikia habari hiyo aliuliza swali moja tu: alikula nini njiani? Sikuwa na jibu, lakini tangu siku hiyo nikienda Butiama nabeba kikapu.

Kikapu chenyewe hakihitaji ufundi: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, mayai, chupa ya chai, maji ya kutosha. Butiama imekuwa wilaya tangu 2012 na ina migahawa, lakini ni midogo, na wikendi ya kawaida hesabu yao ni ileile ya mama wa Makoko, tena ngumu zaidi. Ukitaka wali na nyama kwa watu wanane bila taarifa, utaitumia siku yako ya kutembea ukiwa umekaa.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki. Ndani kuna zawadi alizopewa, picha, na vitu alivyotumia. Kutoka hapo unakwenda Mwitongo, yaani kwenye boma la familia, ambako Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 na ambako alizikwa Oktoba 1999 karibu na wazazi wake. Iko nyumba yake ya zamani, na iko ile aliyojengewa na jeshi. Mtu aliyetafsiri tamthiliya ya *Juliasi Kaizari* akiwa Ikulu alikuwa na vitabu vingi, na alipenda bao. Wazee wa pale wakikuona unalijua, hawatakuacha uondoke mapema.

Watoto, kusema kweli, hawatazikumbuka zawadi. Watawakumbuka pimbi. Mawe ya Mwitongo yamejaa hao wanyama wadogo, wenye ukubwa wa sungura, wanaoota jua wakiwa wamebanana. Waambie watoto kwamba pimbi ana undugu wa karibu zaidi na tembo kuliko na panya, kisha waache wabishane hadi Musoma.

Kikapu kifungueni nje, kivulini, mbali na makaburi. Ni nyumbani kwa watu. Akipita mzee, msalimuni shikamoo kabla ya kuuliza lolote. Na tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake, usiende kutafuta utulivu. Nenda siku nyingine.

Bunda: jiko lisilozimika

Bunda inathibitisha hesabu yangu kwa upande wa pili. Mji umekaa juu ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, Tarime na Sirari mpakani. Mabasi hupita tangu alfajiri, malori usiku kucha. Mchoma nyama wa Bunda hana haja ya kukusubiri. Nyama yake imeshaiva kabla hujashuka kwenye gari, na ikiwa hukuja wewe atakuja dereva wa lori. Unaonyesha kwa kidole, inakatwa, inapimwa, inamwagwa kwenye sinia na chumvi na pilipili pembeni. Dakika tano umeshika ndizi.

Ni nzuri, na huliwa kwa haraka, mara nyingi kwa kusimama. Wenye asili ya Tarime watauliza kama kuna kichuri, yaani majimaji machungu kutoka kwenye utumbo mwembamba na tumbo la mnyama aliyekula majani, yanayochemshwa na kutumiwa kuchovya nyama. Uchungu wake hufungua hamu ya kula kama limao linavyofanya kwa wengine. Siku za mnada wa ng'ombe ndipo hupatikana kilicho bora, kwa kuwa mnyama amechinjwa hapohapo.

Ukitaka Bunda ya polepole, panda Balili, kilima cha mawe jirani na mji. Juu yake unaliona ziwa upande mmoja na tambarare za Serengeti upande mwingine, na sijui mahali pengine mkoani ambapo macho hupata vyote viwili bila kuhama kiti. Ila pale mambo ni kama Makoko: piga simu kwanza. Na wenye gari waendelee na barabara kuu kuelekea Mwanza hadi lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Raia hulipa kwa shilingi, chini sana ya wageni wa nje, beba kitambulisho. Mei hadi Julai nyumbu hupita ukanda huu wakielekea kaskazini. Wengi wetu tuliozaliwa Mara tumewaona nyumbu kwenye televisheni tu, na hifadhi iko kando ya barabara tunayoipita kila tukienda Mwanza. Hilo hunisikitisha.

Jumamosi iliyopita

Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na moja, watoto wamo. Shemeji yangu kutoka Dar es Salaam alikuwepo, yule wa kuchungulia dirishani. Niliagiza saa tatu asubuhi, sato watatu wakubwa na chukuchuku mmoja, lakini bodaboda alipata pancha na samaki wakachelewa vilevile. Shemeji aliangalia saa mara mbili. Halafu mzee mmoja wa meza ya jirani akamuuliza kwao ni wapi, na kabla sijajua wakawa wamegundua kwamba marehemu baba yake alifundisha shule moja na kaka wa yule mzee. Akahamisha kiti.

Jua liliingia majini jekundu, likaacha mstari. Dakika chache baadaye jirani yetu Msabato akatokea njiani na mkewe na watoto wao wanne, bado wamevaa nguo za kanisani. "Mmetuachia?" akauliza kwa mbali. Tukasogeza viti. Binti alikuja na jagi na beseni, akaanza kutunawisha, wakubwa kwanza. Mama wa jiko alitoka na sinia kubwa mikononi, mvuke ukimfunika uso, akaliweka katikati ya meza.

Mtoto mdogo wa jirani alikuwa ameshashika jicho la samaki, na hakuna aliyemkataza.